Kipindi cha leo: Alan Brooke, mizinga na chozi wa Sele

ZUHURA: Karibuni. Sele kachelewa, na mnajua sababu ina mabawa.

SELE: Wiki nzima namvizia chozi, yule ndege mdogo mnywa nekta, kwenye mkomamanga, Da Zuhura. Picha 40, zote majani.

ZUHURA: Ndiyo maana kaniletea fildimashali mpenda ndege.

SELE: Nimeleta mtu wa mizinga! Alan Brooke, kutoka chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza. Mwaka 1914 alikuwa luteni, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha yeye luteni kanali. Disemba 1941 akawa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza, hadi 1946.

ZUHURA: Na ndege?

SELE: Ngoja. Vimy kwanza, kilima cha kaskazini mwa Ufaransa walichokishika Wajerumani, 9 Aprili 1917, saa 11 na nusu alfajiri. Brooke yumo kwenye mipango ya mizinga ya Wakanada. Mzinga wa ratili 18 unatupa kombora la kilo 8 na kitu, linapasuka hewani, linamwaga gololi. Ukipanga mingi bega kwa bega, unapata pazia. Pazia linasimama dakika 3, linasogea yadi 100, linasimama tena. Askari wa miguu yuko nyuma yake.

ZUHURA: Nyuma kiasi gani?

SELE: Karibu mpaka anaogopa. Akibaki mbali, Mjerumani ameshatoka handakini na kutega bombomu.

ZUHURA: Na akikaribia, kombora la kwao linamwangukia kisogoni.

SELE: Mtutu ukichakaa, kombora linatoka na kasi ndogo, linaanguka fupi. Hewa ya baridi nayo ni nzito, inalishika. Kwa hiyo kila mzinga unapimwa peke yake, na hesabu ya upepo na joto inarekebishwa kabla ya kupiga. Halafu fyuzi, kile kifaa kinacholipua kombora. Za zamani zilichelewa, kombora linazama udongoni, linachimba shimo, seng'enge inarushwa juu na kurudi palepale. Fyuzi namba 106 ilipasuka ikigusa tu.

ZUHURA: Hapo sina neno. Ila ratiba yenyewe! Watu wamenasa kwenye tope, pazia linakwenda zake. Huo ni utumwa wa saa.

SELE: Ungelirudisha pazia vipi? Waya za simu zimekatwa na makombora, redio ya kubeba hakuna.

ZUHURA: Fataki za rangi zilikuwepo.

SELE: Ndani ya moshi ule nani aone rangi?

ZUHURA: Basi ongeza vituo, lisimame muda mrefu zaidi.

SELE: Kila dakika unayoongeza unampa adui nafasi ya kupanga mizinga yake.

ZUHURA: Sikubali.

SELE: Wala mimi.

ZUHURA: Haya, ndege.

SELE: Aliwapiga picha, akawarekodi filamu. Kuanzia 1950 hadi 1954 alikuwa rais wa Jumuiya ya Zuolojia ya London.

ZUHURA: Na aliwapata?

SELE: Unajenga kibanda karibu na kiota, unakisogeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka ndege akizoee. Ukikisogeza kwa pupa, anatelekeza mayai.

ZUHURA: Yaani kinasogea, kinasimama, kinasogea tena.

SELE: Usinitege.

ZUHURA: Na ndege akichelewa kuzoea, kibanda kinamsubiri au kinafuata ratiba?

SELE: ...Tuna dakika ngapi?

ZUHURA: Moja. Na yale mafunzo matatu uliyoandika?

SELE: Yaache. Kibanda nakijenga kwa gunia au kwa makuti?