Umeshaposti, Wameshapiga Skrinishoti

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaizungumzia posti ya malalamiko, ile inayoandikwa saa tano usiku damu imechemka. Kaka Kassim, tupe mfano.

KASSIM: Mteja kampa fundi cherehani vitenge na advansi, nguo haijatoka. Anaingia Facebook: "Huyu fundi mwizi, tapeli mkubwa, msimpe kazi!" Na picha ya kibanda juu yake.

ZUHURA: Mwenye haki keshajitia matatani.

KASSIM: Tena kwa neno moja. Wizi ni kosa la jinai. Ukimwita mtu mwizi, mzigo wa kuthibitisha umejitwisha. Na ulichonacho mkononi ni ucheleweshaji tu. Iandike hivi: "Tarehe 3 Machi nilimpa fundi vitenge viwili na advansi ya shilingi 40,000. Tulikubaliana nichukue tarehe 17. Leo ni tarehe 30, sijapata nguo wala pesa, na tangu tarehe 25 hapokei simu." Kila sentensi ina meseji au risiti nyuma yake.

ZUHURA: Na inauma kuliko tusi, ukiniuliza mimi. Tusi watu hulicheka wakapita, tarehe wanazihesabu. Sasa kuna wajanja: "Sitaji jina, ni yule wa kibanda cha bluu karibu na msikiti."

KASSIM: Dada, hapo umemtaja. Kwenye kesi ya kashfa kinachotazamwa ni kama wasomaji wamemtambua mhusika. Jina kutoandikwa hakukusaidii kama mtaa mzima unajua kibanda cha bluu ni cha nani.

ZUHURA: Na ile "nimeituma kama nilivyoipokea"?

KASSIM: Kibwagizo cha magrupu ya WhatsApp! Si kinga. Ukisambaza, umechapisha wewe. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: taarifa za uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu kinamlenga anayejua kuwa habari ni ya uongo na ana nia ya kukashifu au kupotosha. Haya, nenda kamweleze mpelelezi kwamba wewe hukujua.

ZUHURA: Basi mtu atasema, nikiona mambo magumu nafuta.

KASSIM: WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri, na siku mbili na ushee za kufuta kwa wote. Lakini inaacha alama kwamba ujumbe umefutwa, na alama hiyo ndiyo inayowaamsha waliokuwa hawajasoma. Aliyepiga skrinishoti naye ataitoa. Facebook nako ukihariri, anayeiona posti anaweza kufungua historia ya marekebisho akasoma ulichobadilisha.

ZUHURA: Kwa hiyo aliyekosea afanyeje?

KASSIM: Abaki na nakala yake, halafu asahihishe mle mle alimokosea. Ulimchafua mtu kwenye grupu la watu 200, usiende kumwomba radhi inboksi. "Jana niliandika kwamba fulani hakurudisha pesa. Si kweli, alirudisha. Namwomba radhi." Basi. Ile "kama kuna aliyekwazika" iache. Inamtupia lawama msomaji kwa kukwazika.

ZUHURA: Nidakie kuhusu picha ya risiti, maana huku ndiko wengi wanakoumbuka. Mtu anaficha namba ya simu kwa ile kalamu ya kupaka ya kwenye simu. Akichagua ya kukolezea maandishi, rangi yake inapitisha mwanga: msomaji anaongeza mwangaza wa picha, namba zote hizo hapo! Tumia kisanduku kilichojaa rangi, au kata kabisa kipande hicho. Kisha piga skrinishoti ya matokeo, utume hiyo skrinishoti.

KASSIM: Na rasimu usiiandikie kwenye kisanduku cha kuposti. Kidole huteleza. Andika kwenye noti za simu, uisome asubuhi, ufute kila neno la sifa: "tapeli", "mshenzi", "siku zote". Ikibaki sentensi moja tu, ujue ulikuwa na hasira, hukuwa na hoja.

ZUHURA: Haya, fundi kaiona posti, karudisha pesa. Tuifute?

KASSIM: Kama mmekubaliana hivyo, futa. La sivyo iache, ila ongeza mstari juu kabisa, si kwenye maoni ambako hakuna atakayeshuka kuusoma: "Tarehe 2 Aprili amerudisha shilingi 40,000 zote."

ZUHURA: Na vitenge?

KASSIM: Vitenge navyo viandikwe, kama vimerudi.