Kuchagua fimweya na vifaa vya ziada vya rimoti ya RadioMaster TX16S

Karibuni, watazamaji. Rimoti iliyo mezani, ya kurushia ndege ndogo na droni, ni RadioMaster TX16S Mark II, na leo tutaichagulia fimweya, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha, tutaiflashi, yaani tutaiandika ndani yake, hapahapa mbele ya kamera, kisha tutatazama vifaa vya ziada vinavyostahili pesa zenu na vile vinavyoweza kungoja. Kufungua boksi sitawaonyesha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kushindwa.

Anayeuliza aweke fimweya gani huwa anauliza maswali matatu kwa mpigo, kwani mfumo huu una fimweya tatu: ya rimoti yenyewe, inayosoma vijiti na swichi na kuchora skrini, ya moduli ya redio, inayorusha mawimbi, na ya kipokezi kilichomo ndani ya ndege. Kila moja ina njia yake ya kuandikwa, na kusasisha moja hakuzigusi zile nyingine. Ugomvi mwingi wa rimoti kukataa kushikana na ndege unaanzia hapa.

Ya kwanza haina mjadala mrefu. Rimoti za TX16S za mwanzo ziliuzwa na OpenTX, na mwaka 2021 baadhi ya waandishi wa programu walijitenga nayo wakaanzisha EdgeTX, ambayo ndiyo iliyoifanya skrini ya rimoti hii itii mguso wa kidole. Chagueni EdgeTX, toleo lililotangazwa kuwa thabiti, na yale ya majaribio waachieni wanaopenda kukesha.

Ya pili mnaiamua siku ya kununua, kwa sababu rimoti hii huuzwa na moduli ya ndani ya aina mbili. Moduli ya 4-in-1 ina chipu nne, na kila chipu huzungumza na familia yake: A7105 na vipokezi vya FlySky, CC2500 na FrSky, CYRF6936 na vile vya DSM, na NRF24L01 na droni nyingi za kuchezea. Mwenye droo iliyojaa vipokezi vya zamani achukue hiyo wala asione haya. Anayeanza upya achukue aina ya pili, ya mfumo wa redio uitwao ExpressLRS, yenye vipokezi vidogo na vya bei nafuu na mawimbi yanayofika mbali. Yangu ni ya ExpressLRS, na hatua zinazofuata ni zake.

Kabla ya kuandika chochote, washeni rimoti, iunganisheni na kompyuta, chagueni hali ya hifadhi ya USB, kisha nakilini folda mbili, MODELS na RADIO, mziweke kwenye kompyuta. Ya kwanza ina mipangilio ya kila ndege yenu. Ya pili ina mipangilio ya rimoti pamoja na vipimo vya vijiti. Narudia: MODELS na RADIO, na zifungueni kwenye kompyuta mhakikishe kwamba ndani mna mafaili.

Subirini kidogo. Mnaona kwamba kompyuta haijaonyesha kitu, ingawa kebo imekaa vizuri na kwenye tundu sahihi, la juu. La chini ni la kuchajia tu. Basi kilichobaki ni kebo yenyewe. Naam, hii ni ya kuchajia simu, haina nyaya za data. Naibadilisha, na hifadhi imejitokeza papo hapo. Fungeni utepe mwekundu kwenye kebo yenu ya data ili watoto wasiichukue.

Folda zimenakiliwa? Nauliza tena kwa makusudi.

Sasa zimeni rimoti kabisa, kisha chomekeni kebo ikiwa imezimwa. Fungueni EdgeTX Buddy, tovuti ya kuandikia fimweya hii, kwenye kivinjari cha Chrome, chagueni toleo, chagueni jina la TX16S, kisha mruhusu kivinjari kukiona kifaa. Windows ikikataa kukitambua, tatizo ni dereva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, na programu ya Zadig hulimaliza. Uandishi ukianza, msiguse kebo wala meza. Ukikatika katikati, rimoti haijafa. Anzeni tena hatua hii tangu kuzima.

Fimweya ikiisha kuandikwa, yaliyomo kwenye kadi ya SD nayo yasasishwe yalingane na toleo hilo, la sivyo rimoti itawapokea kwa onyo kila inapowashwa. Hapa ndipo watu hufuta kadi nzima kwa pupa, na ndege zote zikaondoka nayo. Ndiyo maana nilisema MODELS na RADIO, na kwa mara ya mwisho nasema MODELS na RADIO. Wakati kadi iko wazi, unaweza kuongeza sauti zako za WAV kwenye folda ya SOUNDS. Yangu ina sauti ya shangazi akitangaza kwamba betri inaisha, na hakuna mlio unaonishusha chini haraka kuliko huo.

Kisha ingieni kwenye mipangilio ya maunzi, hakikisheni moduli ya ndani imeandikwa CRSF, yaani lugha ambayo rimoti huzungumza na moduli ya ExpressLRS, na pimeni vijiti upya hadi kwenye kona zote.

Tuje kwenye moduli. Fungueni programu ndogo ya ExpressLRS iliyomo kwenye menyu ya zana, nendeni sehemu ya Wi-Fi na muiwashe. Kwenye kompyuta utaonekana mtandao uitwao ExpressLRS TX, neno lake la siri ni expresslrs, na ukurasa wake uko kwenye anwani 10.0.0.1. Kipokezi nacho, kikiwashwa kikakosa rimoti kwa sekunde 60, hufungua mtandao wake wa aina hiyohiyo. Skrini inaakisi taa, samahani, naigeuza. Mnachotafuta ni namba ya kwanza ya toleo: moduli yenye 3 haishikani na kipokezi chenye 2, hata mkiandika maneno yaleyale ya kuunganishia pande zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu antena, someni namba hizo mbili.

Kasi ya paketi, yaani mara ngapi kwa sekunde rimoti hutuma amri, ni suala la unachorusha. Kwenye 2.4 GHz, kasi ya 500 Hz ina usikivu wa -105 dBm, na ile ya 50 Hz ina -115 dBm, yaani husikia mawimbi dhaifu zaidi. Tofauti hiyo ya 10 dB, penye uwazi, ni takriban mara tatu ya umbali. Mwenye droni ya mashindano ataitaka ile ya kwanza. Mimi narusha ndege za povu zenye mwendo wa taratibu, na 150 Hz inanitosha kabisa.

Vifaa vya ziada sasa. Anzeni na betri. Rimoti hii inatumia seli mbili za lithiamu zilizofuatana, yaani volti 8.4 zikiwa zimejaa, na betri ya seli tatu isiikaribie kamwe. Kwenye kisanduku chake huingia seli mbili za 18650 (namba hiyo ni ukubwa wa seli), na alama za chanya na hasi zisomwe kwa mwanga wa kutosha. Pakiti ya seli nene zaidi za 21700, ya mAh 5,000, ni bora zaidi.

Cha pili ni mkanda wa shingo, kwa kuwa rimoti hii ni nzito. Mikanda ninaishona na kuiuza mwenyewe, kwa hiyo pimeni maneno yangu kwa mizani hiyo. Vijiti vya AG01 vya chuma ni vizuri, lakini vya kiwandani kwenye Mark II tayari vinatumia sensa za Hall, zinazosoma mwendo kwa sumaku na hivyo hazisuguani, na mtu akilegeza springi kidogo kwa bisibisi hupata nusu ya raha bila kulipa. Moduli ya nje ya wati 1 inakula betri na wengi hawaihitaji; mkiinunua, antena ifungwe kabla ya kuwasha umeme, kwani bila antena nguvu hurudi ndani na kuchoma kikuza mawimbi.

La mwisho kabla ya uwanjani: ondoeni propela, washeni rimoti kisha ndege, pandisheni mota hadi robo, halafu zimeni rimoti ghafla. Mota isiposimama, ingieni kwenye ukurasa wa Wi-Fi wa kipokezi, rekebisheni mpangilio wa usalama wa chaneli ya mota, yaani kile kipokezi kinachoiamuru mota mawimbi yakikatika, na mrudie jaribio hilo hadi isimame.