Miezi Mitatu Kabla ya Kuilaumu Sabuni

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Walionisikia mahali pengine wanajua kwamba nitaanza na miezi mitatu, na ninawaomba radhi mapema, kwa maana sijapata bado namna ya kulizungumzia suala la kunyonyoka kwa nywele bila kupitia hapo. Sitawachosha na maumbile ya unywele, ambayo wengi wenu mmeyasoma. Inatosha kukumbuka kwamba kila unywele wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 7, kisha hupumzika kwa muda wa miezi 3 hivi, kisha huanguka ili mwingine uote mahali pake, na kwamba kichwa chenye nywele zipatazo 100,000 hupoteza kati ya 50 na 100 kila siku bila mwenyewe kuwa na ugonjwa wowote.

Tatizo linaanzia kwenye yale mapumziko. Mtu akipatwa na homa kali, akijifungua, akifanyiwa upasuaji, akipungua uzito kwa kasi au akifiwa, nywele nyingi kuliko kawaida huacha kukua kwa pamoja, lakini hazianguki siku hiyo. Hukaa kichwani miezi miwili au mitatu kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha huanza kutoka kwa mafungu, wakati ambapo mwenyewe amekwisha kupona na kusahau. Kwa hiyo anapotazama kitana kilichojaa nywele, hutafuta chanzo katika wiki ile ile, na katika wiki ile ile daima kutakuwa na kitu: sabuni mpya, maji ya nyumba aliyohamia, kofia, hasira za kazini. Mshtakiwa anapatikana kwa urahisi sana, na kwa kawaida hana hatia.

Kuna mama mmoja ambaye nimekwisha kumsimulia mara nyingi, na nitamsimulia tena. Alikuja na bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa kwa uangalifu, kila kimoja kikiwa na tarehe na nywele zilizookotwa siku hiyo kwenye mto na bafuni. Alikuwa na hakika kwamba mkosaji ni shampuu aliyoianza majuma mawili kabla, na alikuwa ameileta pia ili niinuse. Nilipochukua nywele chache za kwenye karatasi na kuzitazama dhidi ya mwanga, karibu zote zilikuwa na kidoti cheupe kwenye ncha ya chini, na hiyo ndiyo alama ya unywele uliomaliza mapumziko yake na kutoka wenyewe, si unywele uliochomwa au kukatwa na dawa. Nikamuuliza kama aliugua miezi mitatu au minne iliyopita. Akakataa. Nikamuuliza kuhusu msiba, kujifungua, kubadili dawa, akakataa yote. Ndipo dada yake, aliyekuwa amekaa kimya kando ya mlango, akasema, "Si ulilazwa kwa nimonia?" Na yule mama akajibu, kwa mshangao wa kweli, "Lakini hiyo ilipona, daktari."

Ilipona, naam, na kupona huko ndiko kulikoifuta kwenye kumbukumbu. Nilimweleza kwamba nywele zingerudi bila dawa yoyote, kwa sababu mashina yake yalikuwa hai, na kwamba mnyonyoko wa namna hii kwa kawaida hupungua ndani ya miezi sita hivi baada ya chanzo chake kuondoka. Hakuridhika. Mtu aliyehifadhi nywele kwa tarehe hawezi kuridhika akiambiwa asubiri. Akanunua mafuta, akayapaka usiku na mchana, na baada ya miezi kadhaa akarudi akiwa na vinyweleo vifupi vilivyosimama wima kwenye paji la uso, vyote vya urefu mmoja, akanisifia mafuta yale kwa dakika nyingi na kunishauri niwaandikie wagonjwa wengine. Nilipomkumbusha nilichomwambia mwanzoni, alinitazama kwa huruma. Shampuu ikahukumiwa, mafuta yakasifiwa, na yaelekea yote mawili hayakuwa yamefanya lolote.

Najua mtakachouliza, kwa sababu huulizwa kila mara: nimejuaje kwamba si mafuta? Kwa mtu mmoja siwezi kujua, wala yeye hawezi, na hiyo ndiyo hoja yangu yote. Nywele zinazoelekea kurudi zenyewe humpa sifa yeyote aliyekuwa karibu. Ndiyo maana dawa hupimwa kwa makundi mawili, moja likipewa dawa na jingine kimiminika kitupu kinachofanana nayo. Na hata katika majaribio ya minoksidili, ambayo ni dawa ya kweli, baadhi ya waliopaka kimiminika kitupu walisema kwamba nywele zao zimeongezeka. Hawakuwa waongo. Walikuwa watu wanaojitazama kwenye kioo kila asubuhi wakiwa na tumaini, na kioo ni kipimo kibaya.

Basi je, dawa zote ni utapeli? Sikusema hivyo, na ninachoka kidogo kunukuliwa hivyo. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, madaktari wakaona wagonjwa wanaota nywele mahali wasipopatarajia, na ile ya kupaka ikaidhinishwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya upara wa kurithi. Hadi leo namna inavyofanya kazi haijaeleweka yote, lakini kwamba inawasaidia watu wengi hilo limepimwa. Shida ni kwamba katika wiki za kwanza inaweza kuongeza nywele zinazoanguka, kwa kuwa inazisukuma zile zilizopumzika zitoke ili mpya ziote, na hapo ndipo watu huitupa chupa, wakiapa kwamba imewamaliza. Haihukumiwi kabla ya miezi minne hadi sita, na ukiiacha, faida yake hupotea ndani ya miezi michache. Finasteridi, iliyotoka kwenye matibabu ya tezi dume na kuidhinishwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997 katika kipimo cha miligramu 1, ina subira ile ile na tahadhari zaidi: mjamzito haruhusiwi kuitumia, kwa sababu inaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni, na mwanamume anapaswa kuambiwa kabla, si baada, kwamba baadhi ya watumiaji hupungukiwa na nguvu au hamu ya tendo la ndoa.

Kuhusu vidonge vya "vitamini za nywele" nitasema kwa ufupi kwa sababu nikianza nitakasirika. Upungufu wa biotini, vitamini inayotiwa sana kwenye vidonge hivyo, ni nadra kwa mtu anayekula kawaida. Vitamini A na madini ya seleniamu zikizidi mwilini zenyewe husababisha nywele kunyonyoka. Na biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, jambo ambalo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ililitolea onyo mwaka 2017. Miongoni mwake vipo vipimo vya tezi ya shingo, ambavyo mimi daktari naviagiza ili nitafute chanzo cha hizo nywele. Mgonjwa anameza kidonge cha kutibu, na kidonge kinaficha jibu. Ukiwa unavimeza, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Sasa yapo maradhi ambayo kutojua si kosa la mgonjwa wala la daktari. Ule upara wa mabaka ya mviringo, yanayotokea ghafla kwenye ngozi laini isiyo na magamba, unatokana na kinga ya mwili kuyashambulia mashina ya nywele. Lakini kwa nini imeanza mwaka huu, na kwa nini hapa kisogoni na si pale utosini, hakuna anayeweza kukujibu. Wengi wenye baka moja au mawili huota nywele wenyewe, wakati mwingine ndani ya mwaka, na ndiyo sababu kila kitu kilichowahi kupakwa juu ya baka kina mashahidi wake. Kwa wenye hali kali, tangu mwaka 2022 zipo dawa za kumeza za kutuliza kinga zilizoidhinishwa, ya kwanza ikiwa barisitinibu, na nyingi za nywele zilizorudi huondoka tena dawa ikiachwa. Mgonjwa wa namna hii simwahidi chanzo. Ninamweleza tutakachokitazama, na lini.

Msinielewe kwamba kila mtu angoje. Swali la kwanza si nini kimesababisha, bali kama shina bado liko hai. Ngozi ya kichwa inayouma, inayowaka, inayotoa usaha, au iliyogeuka kuwa laini na kung'aa hata vitundu vya nywele havionekani tena, ni ngozi inayoingia makovu, na shina lililokwisha kuwa kovu halirudi kwa dawa yoyote. Hapo miezi mitatu yangu haifai. Muone daktari wa ngozi wiki hiyo, na akitaka kukata kipande kidogo cha ngozi akipime, mkubalie. Msuko unaouma unavuta mashina ya pembeni mwa paji la uso, na ukiachwa mapema nywele hurudi, ukiendelea kwa miaka hazirudi. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba huenda ana mapunye, na hayo yanatibiwa kwa dawa ya kumeza, kwa sababu ya kupaka peke yake haifiki ndani ya unywele.

Kwa wengine wote ninaomba mambo machache. Andika yaliyokupata katika miezi sita iliyopita, hata yaliyopona. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pale pale na kwenye mwanga ule ule, na uache kuhesabu nywele kila siku, maana hesabu hiyo haimsaidii daktari na inakunyima usingizi. Na ukiona haya kusema kwamba umelia, sema; ninayoyasikia mara kwa mara ni kwamba "ni nywele tu", na husemwa zaidi na wenye nywele zao.

Nilikusudia kueleza upandikizaji kwa kirefu, lakini mwenyekiti amekwisha kutazama saa mara kadhaa. Niseme tu kwamba upandikizaji huhamisha nywele, hauzizalishi, na anayekubali kumpandikizia mtu ambaye bado ananyonyoka kwa chanzo kisichojulikana amefanya haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Karibuni maswali, na wenye maswali ya mafuta waanze, kwa kuwa najua ndio wengi.