Zaha ya Rungwe Imetoka Kina Gani?

Wazee wetu, walimu, wanafunzi, ndugu zangu, shikamooni na habari za jioni.

Mwanza hakuna volkeno. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini tuzungumzie zaha hapa penye graniti tupu. Ni kwa sababu ya graniti hiyohiyo. Mawe haya ya Bismarck, ya Capri Point, ya kilima cha Bugando, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na chini yake kuna mzizi mgumu, wa baridi, ulioshuka zaidi ya kilomita 150. Bonde la Ufa halikuupasua mzizi huo, liliuzunguka. Mkono mmoja ukapita mashariki, kwenye Ngorongoro na Kilimanjaro, mwingine magharibi, kwenye Virunga. Rungwe, volkeno ya kule Mbeya, iko kusini, mikono inapokaribiana. Sisi tumebaki katikati.

Sasa, zaha ya huko pembeni imetoka kina gani? Hakuna shimo linaloweza kuchimbwa mpaka huko. Tunauliza atomi.

Rubidiamu 87 (namba ni uzito wa atomi) hugeuka kuwa strontiamu 87 polepole mno: nusu yake huisha kwa karibu miaka bilioni 49. Strontiamu 86 haiongezeki. Mwamba ukiyeyuka, madini hutengana, lakini uwiano wa strontiamu hizo mbili, 87 kwa 86, hauguswi, kwa hiyo zaha hubeba alama ya chanzo chake. Basalti, jiwe jeusi la volkeno, ya sakafu ya bahari husoma karibu 0.703. Graniti kongwe, yenye rubidiamu nyingi, mara nyingi hupita 0.71.

Hapo kuna mtego. Zaha ikipanda kupitia gamba la dunia lililo kongwe kama letu, huyeyusha kuta za njia yake, namba inapanda, na mwenye haraka atadhani amegundua chanzo kipya. Ndiyo maana tunapima na neodimiamu, elementi nyingine yenye uwiano wa namna hiyo, na tunatafuta basalti yenye magnesiamu nyingi, ambayo haikukawia njiani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni heliamu. Unavunja jiwe, unakaa na darubini, unachambua punje moja moja za madini yaitwayo olivini, za kijani, safi, zisizo na ufa. Ndani yake mna vipovu vya gesi vilivyonaswa fuwele ilipokuwa inakua. Punje zinapondwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, gesi inatoka, inapimwa. Heliamu 4 inazalishwa hata sasa na urani na thoriamu miambani. Heliamu 3 karibu yote ni ile dunia iliyozaliwa nayo. Katika basalti ya matuta ya katikati ya bahari, uwiano wa 3 kwa 4 ni kama mara 8 ya ule wa hewani. Rungwe, katika matokeo yaliyochapishwa 2011, ulifika mara 15. Gamba haliwezi kutoa namba hiyo, lingeishusha. Gesi hiyo imetoka chini sana.

Mwaka 2014 watafiti waliunganisha heliamu na neoni, wakasema chanzo ni kimoja chini ya Bonde la Ufa lote, tangu Ethiopia. Nakubaliana nao kuhusu gesi. Lakini strontiamu na neodimiamu hutofautiana mno kati ya volkeno na volkeno, hata zilizo jirani, na mimi naona sehemu kubwa ya uji wenyewe wa mwamba imeyeyuka kutoka kwenye kingo za mzizi huu tulioukalia, baada ya kupashwa joto kutoka chini.