Kijiji Kilichobaki na Watu Wawili

ZUHURA: Haya wasikilizaji, leo kaka Mosi ametupeleka Ucheki. Si Praha, eti kijijini!

MOSI: Kijijini kabisa, dada. Holašovice, Bohemia ya Kusini, si mbali na mji wa České Budějovice. Kati kuna uwanja wa nyasi, bwawa la samaki, kikanisa kidogo cha mwaka 1755, na nyumba zimeuzunguka. Basi.

ZUHURA: Sasa hapo pana historia gani?

MOSI: Ya wenye mali. Kijiji kinatajwa mara ya kwanza mwaka 1263. Mwaka 1292 mfalme Václav wa Pili akakitoa zawadi, pamoja na vijiji vingine, kwa wamonaki Wasistersiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, wa monasteri ya Vyšší Brod.

ZUHURA: Zawadi? Na watu wake ndani?

MOSI: Na watu wake ndani! Wamonaki wakakishika mpaka 1848. Piga hesabu.

ZUHURA: Ngoja... miaka 556. Mama yangu!

MOSI: Na mkulima si mpangaji tu. Ni mtwana. Hadi 1781, Kaisari Joseph wa Pili alipofuta utwana, kuoa unaomba ruhusa, kuhama unaomba ruhusa, mtoto kujifunza ufundi, ruhusa. Halafu kuna siku za kumlimia bwana bure. Kazi hiyo kwa Kicheki inaitwa robota.

ZUHURA: Robota... usiniambie!

MOSI: Ndiyo hiyo hiyo. Neno roboti limetoka hapo.

ZUHURA: Kumbe roboti ni mtwana! Haya, endelea, nimeshaingia.

MOSI: Kati ya 1520 na 1525 ikapita tauni. Walibaki watu wawili.

ZUHURA: Familia mbili?

MOSI: Watu wawili, Zuhura. Kijiji kizima.

ZUHURA: Jamani.

MOSI: Kwa mwenye shamba, ardhi bila mikono ni hasara. Wamonaki wakaleta walowezi, wengine kutoka Bavaria na Austria. Mwaka 1530 daftari la monasteri lina watu 17. Kidogo kidogo kijiji kikawa cha wasema Kijerumani, jina likatamkwa Holschowitz.

ZUHURA: Na hizo nyumba ulizonitumia picha jana? Za rangi ya keki?

MOSI: Hapo ndipo napenda mimi. Uso wa nyumba umepigwa lipu, umechorwa maua na mikunjo kama ya kanisa la mjini, nyingine zimeandikwa na mwaka juu. Wanaita baroki ya wakulima, yaani ule mtindo wa mapambo mengi wa makanisa na majumba ya kifahari, ila kijijini. Sasa angalia miaka: mapambo mengi ni ya katikati ya karne ya 19.

ZUHURA: Yaani walipoachiwa huru.

MOSI: Robota imefutwa 1848, nyumba ni yako, unaipaka rangi! Hiyo ni tafsiri yangu, wasomi wasinirukie.

ZUHURA: Na zile nyumba mbili zilizounganishwa na geti la tao?

MOSI: Ile ndogo mara nyingi ni ghala, au ya wazee. Baba akimkabidhi mwanawe shamba anahamia huko, na wanaandikishana: nafaka kiasi gani, maziwa kiasi gani.

ZUHURA: Kwa maandishi? Na mwanawe wa kumzaa?

MOSI: Ungekuwa mkwe ungeelewa.

ZUHURA: (Anacheka) Haya. Wajerumani wako wapi sasa?

MOSI: Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Czechoslovakia, nchi iliyokuwepo kabla ya Ucheki ya leo, ilifukuza Wajerumani kama milioni tatu, mali ikataifishwa. Nyumba nyingi Holašovice zikabaki tupu. Halafu wakomunisti, na mashamba ya ushirika nchi nzima.

ZUHURA: Kwa hiyo mwenye mali mpya ni serikali, na haishi pale.

MOSI: Ndiyo maana zimebaki! Kwingine watu walibomoa geti la tao trekta ipite, wakatoboa madirisha mapana. Hapa hapakuwa na mtu wa kuboresha. Baada ya 1990 zikakarabatiwa, na 1998 UNESCO ikakiandika urithi wa dunia, pamoja na yale makazi 23 ya wakulima, nyumba na ghala zake, yanayozunguka uwanja.

ZUHURA: Mimi hilo linanikaa vibaya. Tunapiga picha ukuta ambao aliyeupaka rangi, wajukuu zake walifukuzwa.

MOSI: Ni kweli. Na hata wao babu zao waliletwa kuziba nafasi za waliokufa.

ZUHURA: Na leo? Wanaishi watu kweli au ni makumbusho?

MOSI: Wanaishi, nguo zinaanikwa nyuma. Julai kuna maonyesho ya mafundi: wafinyanzi, wahunzi, wasuka vikapu.

ZUHURA: Na bwawa?

MOSI: Lipo pale pale katikati.