Upande wa Pili wa Santuri

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze kwa nini mtu aliyeachwa na mpenzi wake hutafuta wimbo wa huzuni, ilhali nyimbo za kumchangamsha zimejaa tele. Kwa akili ya kawaida huko ni kutonesha kidonda. Hata hivyo, kila aliyekulia katika mji huu wa Tabora amewahi kumwona mtu wa namna hiyo, na baadhi yetu tumewahi kuwa yeye.

Mimi nilikuwa yeye. Binti niliyetarajia kumwoa alipanda treni ya Mwanza, na kwa kuwa mji wetu ni njia panda ya reli, ambako safari za Kigoma, Mwanza na Mpanda huachana, stesheni yetu haijawahi kukosa mtu wa kubaki amesimama. Nilirudi kwa mama mkubwa, nikaweka kwenye gramafoni wimbo wa dansi wa mwanamume anayelalamika kwamba barua zake hazijibiwi, na kila ulipokwisha nikairudisha sindano mwanzo. Nilikaa hivyo siku tatu. Siku ya nne mama mkubwa, aliyekuwa barazani akichambua mchele, aliniuliza bila kuinua uso: “Mwanangu, hiyo sahani haina upande wa pili?”

Swali lile lilibeba elimu kuliko alivyokusudia. Bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970, Tabora Jazz ikiwa miongoni mwao, ziliwafikia wasikilizaji kwa sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja hubeba takriban dakika 3 au 4 tu. Kwa hiyo nyimbo nyingi ndefu zilikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ni wa maneno: mwimbaji analalama taratibu, besi ikimfuata kwa adabu. Upande wa pili ni chemko, yaani gitaa la solo linapanda, la rithimu linakaza, saksafoni zinadakizana, na anayesikiliza anashtukia kisigino chake kinagonga sakafu. Mpenzi hajarudi na barua haijajibiwa. Kilichobadilika ni mwendo peke yake.

Wataalamu nao wamelichungulia jambo hili. Mwaka 2011 David Huron alipendekeza kwamba wimbo wa huzuni huufanya mwili udhani kuna msiba, ukatoa prolaktini, homoni ile ile inayohusika na maziwa ya mama, na kwa kuwa msiba wenyewe haupo, mtu hubaki na kitulizo kitupu. Dhana hiyo inavutia, ingawa mimi naikubali nusu tu. Kinachonigusa zaidi ni utafiti wa Liila Taruffi na Stefan Koelsch wa mwaka 2014, waliowahoji watu 772 kwa njia ya mtandao, wakakuta kwamba hisia inayoamshwa mara nyingi zaidi na muziki wa huzuni ni ile hamu ya yaliyopita, yenye utamu na uchungu kwa pamoja, kuliko huzuni yenyewe. Pia huzuni ya wimbo haina madai: hakuna mahari ya kurudishwa wala mshenga wa kukabiliwa.

Kwa maoni yangu lipo la tatu. Rafiki akikufariji, hukwambia wanawake wako wengi, nawe unazidi kuwa peke yako. Mwimbaji hakushauri kitu. Anakuonyesha tu kwamba yupo aliyeachwa kabla yako, naye alipata nguvu ya kukaza nyuzi, kupanga sauti na wenzake, na kuingia kwa wakati wake pale mpiga ngoma alipomwashiria.

Sisemi kwamba dawa hii haina madhara. Wapo wanaoutumia wimbo kucheua jeraha lile lile, wakazidi kudidimia, na simu zetu zinawasaidia, kwa sababu hurudia wimbo usiku kucha bila mkono wa mtu. Gramafoni ilimlazimu mwenye majonzi anyanyuke kitandani kila baada ya dakika chache, jambo ambalo nadhani lilikuwa nusu ya tiba.

Ndugu Mwenyekiti, sahani ile ninayo hapa, ina mikwaruzo upande mmoja kuliko mwingine, na sababu mmeshaijua. Namwomba kijana wa mitambo atuwekee pande zote mbili.