Konsoli Moja, Mikono Mingi

Mabibi na mabwana, wasimamizi wenzangu wa mifumo mliofika hapa Nairobi jioni ya leo, nitazungumzia jambo moja tu: seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, yenye konsoli moja, yaani skrini na kibodi za kuipa amri moja kwa moja, na watu wanne wanaoihitaji kwa wakati mmoja.

Suala hili lina umri mkubwa. Mnamo 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliogawa muda wa kompyuta vipande vidogo vidogo, kila mtumiaji akipata zamu fupi iliyorudi upesi kiasi cha kujiona yuko peke yake. Kwa kuwa faili za wengi zilikaa pamoja, kila mmoja alipewa neno lake la siri.

Konsoli haigawanyiki hivyo. Herufi hupita kwenye waya mmoja, na wawili wakichapa pamoja, herufi zao huchanganyika na kuzaa amri ambayo hakuna aliyeikusudia. Ndiyo maana programu ya conserver, inayosimamia konsoli, humruhusu mmoja tu kuandika, wengine wakitazama.

Programu ya tmux, iliyoanza 2007, huwawezesha watu kadhaa kushiriki kikao kimoja, yaani dirisha moja la kuandikia amri, nayo ni huru zaidi: wote waliojiunga na kikao huandika, isipokuwa aliyeingia kwa kutazama tu. Usiku, fundi aliye Westlands humwongoza mwanagenzi aliye Kitengela, wote wakisoma mistari ileile. Nimefundisha wengi kwa njia hii, na sijaona iliyo bora. Hata hivyo, kila amri hutekelezwa kwa mamlaka ya mwenye kikao, hata ikichapwa na mwingine, na asubuhi kumbukumbu za mfumo hutaja jina lake peke yake. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, kijana mwenye kikao aliitwa kujieleza kuhusu amri ya kufuta ambayo hakuichapa. Hakuwa na namna ya kujitetea, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo naomba kila mtu aingie kwa akaunti yake, apate mamlaka makubwa kupitia sudo, amri ya kuazima mamlaka ya msimamizi, ili jina lake liandikwe, na kikao cha pamoja kibaki cha kutazama.

Sasa nitafungua kikao kwenye skrini iliyo nyuma yangu, nanyi mjiunge kama watazamaji. Atakayetaka kuandika anyooshe mkono na ataje jina lake kwanza.